Mafunzo ya usalama yaliyoishia getini

Katika Tanganyika ya kikoloni, usalama kazini ulikuwa jambo la ndani ya geti la kiwanda. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, Sura ya 297, ilimbana mwenye kiwanda azibe sehemu za mashine zinazozunguka na akubali kukaguliwa. Ilifuata mfano wa sheria za Uingereza, na haikumhusu mkata mkonge, karani, muuza duka wala dereva wa lori. Baada ya uhuru, Chama cha Msalaba Mwekundu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, kilibeba jukumu la kufundisha raia huduma ya kwanza. Sheria ya viwanda yenyewe iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka hamsini.

Wakazi wa Boko, pembezoni mwa Kinondoni jijini Dar es Salaam, wanaijua tofauti ya ndani na nje ya geti kwa macho yao. Nyuma yao kuna kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji cha kwanza nchini kilianza uzalishaji mwaka 1966. Mbele yao inapita Barabara ya Bagamoyo. Anayeingia kwenye kiwanda cha aina hiyo huvaa kofia ngumu na buti, huelezwa hatari za eneo, huonyeshwa njia ya kutokea na mahali pa kukusanyikia moto ukizuka. Jioni akitoka kuifuata daladala ng'ambo ya barabara, ulinzi wote huo umebaki getini.

Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa Agosti 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ikaifuta ile ya 1950. Ofisi, mashamba na maduka yakaingia. Mwajiri akatakiwa kuwaelekeza wafanyakazi wake juu ya hatari za kazi na kuteua miongoni mwao wawakilishi wa usalama na afya. Ilikuwa hatua kubwa, na inastahili sifa. Lakini mhimili wake ulibaki ule ule: mwajiri anayejulikana, anayeweza kukaguliwa na kutozwa faini.

Barabara ilipita njia nyingine. Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya mwaka 1973, iliunda Baraza la Taifa la Usalama Barabarani. Miaka miwili baadaye kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho kingali Mabibo kikifundisha madereva. Ikaja Wiki ya Nenda kwa Usalama, pamoja na stika za vioo vya magari na hotuba za wakubwa. Dereva wa daladala hakuwa na mwajiri wa kumpeleka darasani. Alikuwa na tajiri anayesubiri hesabu ya jioni, na kila dakika ya mafunzo ingekuwa safari iliyopotea. Bodaboda, waliowekewa kanuni za leseni ya biashara mwaka 2010, wakaingia barabarani kwa mtindo huo huo: pikipiki ya mkataba, marejesho ya kila wiki, na mwalimu wa kuwafundisha ni rafiki wa kijiweni.

Mzigo wa kujilinda ukaangukia kwa mtoto wa shule. Yeye alifundishwa vizuri: simama ukingoni, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, ndipo uvuke bila kukimbia. Kulia kwanza, kwa sababu magari hupita kushoto na la karibu zaidi hutokea kulia. Somo ni sahihi kabisa kwenye barabara ambayo kila dereva amebaki kwenye njia yake. Kwenye foleni ya asubuhi, daladala hutanua juu ya kingo ambako mtoto amesimama akitazama, na bodaboda hupenya kutoka upande ambao kitabu hakikuutaja. Mtoto aliyekariri somo lote anaweza kugongwa kabla hajaikanyaga lami.

Hasira juu ya hali hiyo ililipuka Bunju, jirani na Boko. Upanuzi uliofadhiliwa na Japani ulikuwa umeipa Barabara ya Bagamoyo njia nne kutoka Mwenge, lakini ukaishia Tegeta. Mbele ya hapo, kupitia Boko hadi Bunju, magari yaliendelea kubanana kwenye njia mbili katikati ya makazi yaliyokuwa yakijaa haraka. Julai 2015 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Bunju A aligongwa na gari akafa. Wananchi waliifunga barabara, wakakabiliana na polisi, na kituo cha polisi cha Bunju kikateketezwa kwa moto. Watu walikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu. Kuchoma kituo ni kosa zito, na kuliiondolea Bunju huduma iliyohitajika. Hata hivyo, mtaa hauingii barabarani kwa sababu ya ajali moja. Huingia ukiwa umeshazika na kulalamika siku nyingi.

Pengo la mafunzo halikuishia barabarani. Upande wa pili wa jiji, milipuko ya maghala ya silaha Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, iliwakuta wakazi hawajawahi kuambiwa wakimbilie wapi. Familia zilitawanyika, na watoto wengi walipoteana na wazazi wao.

Kwa upande wa barabara, jibu lililoleta matokeo ya kupimika lilianzia mlangoni mwa shule. Shirika la Amend lilichagua shule za msingi za Dar es Salaam zilizo kwenye hatari kubwa, likaongeza kwenye somo la darasani vitu vya kushikika: matuta, njia za miguu zilizotengwa na magari, vivuko, alama na nguzo za kuzuia madereva kutanua. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulilinganisha shule tisa zilizofanyiwa kazi hiyo na tisa ambazo hazijafanyiwa. Majeruhi walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross kwa miji, yenye thamani ya dola 250,000. Kwenye baadhi ya shule, geti liliondolewa upande wa barabara kubwa na kufunguliwa upande wa mtaa wa nyuma, ambako magari ni machache na huenda taratibu.