Pasi ya umeme, hitilafu za
Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura, hupata umeme wa shirika la Regideso, volti 220 hivi. Pasi isiyopata moto huchomolewa kwanza; kuizima hakutoshi. Soketi ijaribiwe kwa taa, maana huenda umeme wenyewe umekatika mtaani. Kisha waya, hasa unapoingia kwenye mpini: hapo hukunjwa kila siku hadi nyuzi za shaba zikatike ndani, ganda la nje likionekana zima. Maltimita ikigusishwa pini mbili za plagi, swichi ya joto ikiwa juu, pasi ya wati 1000 kwa volti hizo husoma takriban omu 48. Isiposoma kitu na waya ni mzima, fyuzi ya joto, swichi ya joto au koili imekufa. Pasi inayopiga shoti isitumike mpaka fundi aipime.