Barua ya Mfungwa: Historia ya Uongo Unaoingia Kwenye Simu Zetu

Ndugu zangu, zamu ya historia wiki hii ni yangu. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya hospitali ya Mulago, tangu ilipoanza 1913, kwa sababu ndiko ninakolala siku hizi. Mama mdogo alipewa rufaa kutoka Nakivale na mimi ndiye ninayemwangalia: mchana foleni za vipimo, usiku mkeka kwenye kolido. Lakini kuna jambo limenipata hapa hapa Mulago, na nimeona historia ya kuandika ni hiyo.

Imeili iliingia saa nne usiku. Juu ina nembo ya UNHCR. Jina la mama mdogo limeandikwa sawasawa, namba ya karatasi ya familia pia. Ilisema: programu ya Marekani imefunguliwa tena kwa wagonjwa tu, kesi yake imepita, tutume shilingi 80,000 za kufungua faili ndani ya saa 24, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Asubuhi nikaenda kwa wakala barabarani, nikatuma. Pesa hizo zilikuwa sehemu ya pesa za skani. Saa sita mchana ikaja imeili ya pili: sasa ni 350,000 za daktari wa ubalozi. Hapo ndipo jasho lilinitoka.

Mimi nimesoma mpaka sekondari. Ni volontia, wazee wananiletea fomu zao niwajazie. Nimenaswa vipi? Nikaanza kutafuta huu uongo umetoka wapi. Kumbe ni mzee kuliko babu zetu.

JELA KARIBU NA PARIS

Ufaransa ilikuwa na mtu anaitwa Eugène-François Vidocq. Alianza kama mhalifu, akafungwa, baadaye akageuka mkuu wa wapelelezi wa polisi. Katika kumbukumbu zake zilizotoka 1828 anaeleza jinsi wafungwa wa jela ya Bicêtre walivyokuwa wakitengeneza pesa kwa kalamu. Ilikuwa baada ya mapinduzi ya 1789, matajiri wengi wameikimbia nchi. Mfungwa anamwandikia mtu asiyemjua: "Mimi ni mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia. Njiani tulificha sanduku la vito. Nisaidie pesa kidogo nikalichukue, tutagawana." Vidocq anasema katika barua mia, ishirini zilijibiwa.

Angalieni vizuri. Kwenye barua ile mkimbizi ndiye alikuwa chambo. Leo mkimbizi ndiye samaki.

Barua hiyo haikufa. Katika karne ya 19 ilijulikana kama barua ya mfungwa wa Hispania. Katika miaka ya 1980 ilisafiri kutoka Nigeria kwa posta na faksi, ikaitwa 419, kwa namba ya kifungu cha sheria ya makosa ya jinai cha nchi ile kinachohusu utapeli. Ilipokuja barua pepe, walaghai hawakubadilisha hadithi sana. Walibadilisha posta tu.

POSTA ISIYOULIZA JINA

Na hii posta mpya ina udhaifu tangu kuzaliwa. Kanuni za kusafirisha barua pepe, zinazoitwa SMTP, ziliandikwa 1982 na Mmarekani Jon Postel. Wakati huo waliotumia mtandao walikuwa wachache, watu wa vyuo na maabara, na wengi walijuana. Kwa hiyo hakuna aliyeweka askari mlangoni wa kuuliza: kweli wewe ndiwe uliyeandikwa hapa?

Hata huku kwetu ilianza hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la SatelLife lilikuwa na mtandao wa HealthNet uliopeleka barua pepe kwa madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, kwa kutumia satelaiti ndogo. Ilikuwa dunia ya madaktari na walimu wao. Nani angejifanya daktari mwenzake ili aibe?

Ulinzi uliongezwa baadaye, lakini jina linaloonekana juu ya imeili mpaka leo mtumaji anajiandikia mwenyewe anavyotaka. Ni kama nyuma ya bahasha: unaweza kuandika "Kutoka kwa Kabaka" na barua itafika tu.

KUVUA WATU

Katikati ya miaka ya 1990, Wamarekani wengi waliingia mtandaoni kupitia kampuni ya AOL. Vijana wahuni wakawa wanajifanya wafanyakazi wa kampuni: "Akaunti yako ina tatizo, tupe neno lako la siri tulihakikishe." Watu wakatoa. Kampuni ikalazimika kuwaonya wateja kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayewauliza neno la siri. Mnamo 1996 wizi huo ulikuwa tayari una jina, linalotamkwa kama neno la Kiingereza la kuvua samaki. Unatupa ndoano kwa maelfu, unangoja atakayemeza.

Halafu tarehe 4 Mei 2000 kutoka Ufilipino ikatoka imeili yenye kichwa "ILOVEYOU". Ukifungua kiambatisho, inajituma yenyewe kwa watu wote walio kwenye orodha yako. Kwa hiyo haikutoka kwa mgeni, ilitoka kwa rafiki yako, kwa bosi wako. Ilienea duniani kwa muda mfupi sana. Miaka 20 baadaye Onel de Guzman alikiri kwamba ndiye aliyeitengeneza. Shabaha yake ya mwanzo ilikuwa kuiba maneno ya siri ili apate intaneti ya bure, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuilipia. Hakufungwa, Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Huku Uganda sheria ipo, ya matumizi mabaya ya kompyuta, ya 2011, na udanganyifu wa kielektroniki ni kosa.

KWA NINI SISI

Sasa nirudi kwetu. Watu wananiambia, "Wewe ulikuwa mjinga, kila mtu anajua UNHCR hailipishi." Ni kweli hailipishi. Lakini kwa nini tunaamini kwamba kuna mahali pa kulipa?

Kwa sababu kuna wakati palikuwepo. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta Nairobi kuna genge lililokuwa linawauzia wakimbizi nafasi za kwenda nchi ya tatu, kwa dola, na baadhi ya wafanyakazi wa ofisi ya UNHCR walikuwa ndani yake. Watu walikamatwa, utaratibu ukabadilishwa. Lakini hadithi ilibaki kambini, inatembea kutoka mdomo mpaka mdomo: "Bila kitu kidogo kesi haisogei." Mwongo wa leo anaishi kwenye ukweli wa jana.

Na anajua tunangoja nini. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wa kuunganisha familia baada ya vipimo vya DNA kuonyesha udanganyifu mwingi. Ulirudi 2012, na watu waliishi miaka hiyo yote wakingoja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wote wa kupokea wakimbizi. Kuna watu walishauza kitanda na sufuria, tiketi zikafutwa. Mtu wa hivyo ukimwandikia "imefunguliwa tena", atauliza nini? Mfa maji hushika maji.

Namba ya karatasi waliitoa wapi? Kwangu. Mwezi uliopita niliweka picha ya karatasi ya mama mdogo kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu, nikiomba ushauri wa matibabu. Sikuficha chochote.

NILICHOJIFUNZA

Nilipotulia niliisoma ile imeili upya. Juu iliandikwa "UNHCR Uganda", lakini nilipogusa jina, anwani ya ndani ilikuwa ya Gmail. Anwani isomeni kuanzia mwisho. Za UNHCR zinaishia @unhcr.org. Ikiongezwa herufi au nukta na neno lingine baada ya hapo, si wao.

Hata ikionekana nzuri, msijibu kwa njia ileile iliyokuja. Pigeni namba ya bure mliyopewa ofisini tangu zamani, au muende wenyewe. Kesi ya kweli haifi kwa kungoja kesho asubuhi. Saa 24 ni kamba ya kukuvuta.

Neno la siri na namba ya siri ya pesa za simu haziombwi na ofisi yoyote. Ukishazitoa, zibadilishe saa hiyo hiyo na uite kampuni ya simu. Kabla ya kutuma pesa soma jina linalotokea: mimi lilitokea jina la mtu binafsi, nikaliona, bado nikabonyeza.

Na picha za karatasi zenu msiziweke kwenye makundi.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mama mdogo. Aibu. Skani ikasogezwa mbele, ikabidi nimweleze. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hata mimi wangeniandikia ningetuma. Waambie wenzako." Ndiyo nimewaambia. Kama na wewe imekupata, andika hapo chini, usiogope. Nyingine kama hiyo labda inaingia usiku huu kwenye simu ya mtu wetu.