Sababu kwa Maandishi
Binti yangu hatembei wala hasemi. Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2011 kuwapa wenye ulemavu mkubwa fedha za kujikimu, hapa Kitengela tulisikia habari zake kwenye baraza la chifu. Ombi letu likakataliwa kwa neno moja: “Hamkupita.” Mama yangu angenyamaza, enzi zake neno la afisa lilikuwa amri. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inataka aliyeumizwa na uamuzi apewe sababu kwa maandishi, na sheria ya 2015 ya kutekeleza kifungu hicho ikamfungulia mlango wa mahakama, akishamaliza ngazi za rufaa. Nilipanda matatu hadi Kajiado, barua yangu ya kudai sababu nimeifunga pembeni mwa leso. Ilirudi na mhuri, wino bado mbichi.