Mtumishi wa Maktaba na Zana za Mtandao: Fundisho la Historia kutoka Shinyanga na Geita

Utangulizi

Mtume Paulo, akiwa kifungoni na siku zake zikikaribia kwisha, alimwagiza Timotheo amletee joho alilokuwa ameliacha Troa kwa mtu aitwaye Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Wahubiri wengi huipita aya hiyo kwa haraka. Sisi tunaona kwamba Karpo anastahili kufikiriwa. Pengine vitabu navyo vilikuwa kwake. Hakuna waraka alioandika wala hotuba yake iliyohifadhiwa. Tunachojua ni kwamba aliaminiwa kutunza mali ya mwingine mpaka itakapohitajiwa.

Katika makala hii tunakusudia kumfuatilia Karpo wa nyakati zetu, yaani mtumishi wa maktaba katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, na kutazama jinsi alivyokutana na zana za mtandao. Hoja yetu ni moja: zana mpya ya maarifa huzaa matunda pale tu anapokuwapo mtu aliyefundishwa kuitumia kwa ajili ya wengine. Kanisa likinunua zana na kumsahau mtu huyo, limenunua kabati tupu.

Kisomo na Kabati la Vitabu

Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kutoka hapo huduma ilienezwa mikoani. Lakini kwa wakulima na wafugaji wa Usukuma, jambo lililogusa vijiji vyao zaidi lilikuwa kisomo. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 Serikali, kwa msaada wa UNESCO, iliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi za mikono yao, kama vile kilimo cha pamba, ufugaji na uvuvi.

Ilidhihirika upesi kwamba mtu aliyejifunza kusoma, asipopata cha kusoma, husahau. Ndiyo sababu zikaanzishwa maktaba za vijijini. Nia ilikuwa njema, na kwa muda kazi ilionekana. Hata hivyo, nyingi kati ya maktaba hizo zilififia miaka iliyofuata, kwa kukosa vitabu vipya na kwa kukosa watunzaji walioandaliwa vya kutosha. Hilo ndilo fundisho la kwanza. Herufi zilikuwapo na wasomaji walikuwapo. Aliyepungua ni yule wa kuwakutanisha.

Kutoka Kadi hadi Mtandao

Kazi ya mtumishi wa maktaba kwa muda mrefu ilikuwa ya kadi na sanduku. Kila kitabu kiliandikiwa kadi na kupewa namba kwa mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Aliyeijua kazi hiyo alimpeleka msomaji kwenye rafu bila kubahatisha.

Kisha zana zikaanza kubadilika. Mwaka 1985 UNESCO ilitoa programu iitwayo CDS/ISIS, ya kutunzia orodha za vitabu katika kompyuta, nayo ilisambazwa bila malipo katika nchi maskini. Mwaka 2000, maktaba ya eneo la Horowhenua huko New Zealand ilianza kutumia programu iitwayo Koha, ambayo baadaye ilienea hata katika maktaba za vyuo vya Tanzania. Neno hilo, katika lugha ya Wamaori, lina maana ya zawadi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI, mpango uliozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba ambayo bei yake zisingeimudu. Na mwaka 2003 ukafuata mpango wa AGORA kwa upande wa kilimo. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na polepole mawasiliano yaliyokuwa yakitegemea setilaiti yakawa mepesi zaidi.

Yatupasa kuuliza: katika hayo yote, mtumishi wa maktaba alitakiwa kujifunza nini? Wengi hudhani ni kubonyeza vitufe. Hilo hufundishwa kwa juma moja. Kilicho kigumu ni kuuliza. Katika sanduku la kadi, kazi ya kupanga ilikwisha kufanywa kabla msomaji hajafika. Katika mtandao, maelfu ya maandiko hujileta kwa mara moja, ya kweli na ya uongo yakiwa yamekaa pamoja, na kazi ya kupambanua humwangukia yeye aliyeketi mbele ya kioo.

Habari za Rwamagasa

Tutoe mfano kutoka Geita yenyewe. Dhahabu ya nchi hii ina historia ndefu. Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulianza kuzalisha katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wako maelfu ya wachimbaji wadogo. Hao husaga mawe kwa makarasha, hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huunguza mchanganyiko huo hadi zebaki itoke kama mvuke. Mvuke huo ni sumu, nao hauchagui: humfikia anayeunguza, na humfikia mama aliyesimama jirani na mtoto mgongoni.

Mradi wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda kuanzia mwaka 2002, ulichagua kijiji cha Rwamagasa kuwa mahali pa utafiti katika Tanzania. Wataalamu walipima maji, udongo na samaki. Hali kadhalika walipima damu, mkojo na nywele za watu. Taarifa ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 2010 sehemu ya matokeo kuhusu afya za wachimbaji ilichapishwa katika jarida la kisayansi huko Ulaya.

Sasa tufikiri. Damu ilitolewa Geita. Maarifa yakahifadhiwa ng'ambo. Mwinjilisti anayewazika wanakijiji hana habari nayo, na muuguzi wa zahanati huenda hajawahi kuiona. Lakini leo taarifa ya utafiti ule imo katika mtandao. Anayeweza kuirudisha nyumbani ni mtumishi wa maktaba, iwapo amefundishwa. Akiandika jina la Kiingereza la zebaki peke yake, ataletewa pia habari za sayari yenye jina hilo hilo. Akiandika "Lwamgasa", kama wenyeji wengi na ofisi za Serikali waandikavyo, huenda asiipate taarifa hiyo, kwa kuwa watafiti waliandika "Rwamagasa". Mtu wa mbali hawezi kulijua jambo hilo dogo. Mwenyeji aliyefundishwa analijua. Tena ataipakua taarifa siku mtandao unapopatikana, ataichapa, na kumwomba anayejua Kiingereza aandike kwa Kiswahili kurasa mbili za kusomwa na mkutano wa akina mama.

Huo ndio ujuzi tunaousema. Filipo alipomkuta towashi wa Kushi akisoma garini, chuo cha nabii kilikuwa tayari mikononi mwake. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi naye.

Pingamizi na Ungamo

Wako wasemao kwamba, kwa kuwa kijana wa Katoro ana mtandao katika simu yake, mtumishi wa maktaba amepitwa na wakati. Sisi twaona kinyume. Simu humpa kijana tiba ya kweli na tiba ya tapeli kwa sura moja. Kadiri maandiko yanavyozidi, ndivyo haja ya mpambanuzi inavyozidi.

Tena hatuna budi kuungama. Tumeona, katika maktaba moja ya Kanisa, kompyuta za msaada zikiwa zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa ustadi. Aliyepelekwa semina ya kuzitumia alikuwa kiongozi wa kituo, naye alikwisha kuhamishwa. Mama aliyefungua mlango wa maktaba ile kila asubuhi hakuwahi kualikwa. Alivifuma vitambaa vile yeye mwenyewe, ili vumbi lisiingie. Alifanya yote aliyofundishwa kufanya: alitunza.

Hitimisho

Historia ya nchi hii, tangu kabati la vijijini hadi mtandao, inatufundisha kwamba mtu hutangulia zana. Kwa hiyo, kwanza, bajeti za vyuo na dayosisi zinaponunua kompyuta, zitenge pia fedha za kumsomesha anayeketi nayo kila siku. Chuo cha Ukutubi cha Bagamoyo kipo kwa ajili hiyo. Pili, wanafunzi wa theolojia wafundishwe naye kutafuta na kupambanua kabla ya kupelekwa sharikani. Tatu, kazi yake ihesabiwe kuwa huduma ya diakonia, kwa maana inagusa uhai wa watu.

Paulo alijua vitabu vyake viko wapi kwa sababu alimjua mtu. Heri sharika zetu nazo zimjue mtu huyo kwa jina, na kumwandaa kabla hawajamhitaji.