Walioandika na Waliobeba: Njia ya Unyanyembe

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, msafiri aliyetoka Bagamoyo alipita Usagara na Ugogo, akalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa wenye nchi, akavuka Mgunda Mkali ambako maji yalikuwa adimu, na baada ya miezi kama mitatu ndipo alipoyaona matembe ya Kazeh na Kwihara katika Unyanyembe, nchi ya Tabora, huku msafara ukipiga bunduki hewani kuwaarifu wenyeji kwamba umewasili. Mtendeni, ambayo leo ni kata ya mji huo wa Tabora, imo katika nchi iliyopokea watu waliofika hivyo: Waarabu wa Omani na Unguja, Wamrima, Wamanyema, pamoja na Wanyamwezi wenyewe waliokwenda pwani na kurudi na mizigo mabegani.

Njia hiyo haikupitisha pembe na nguo peke yake, kwani baadhi ya watu walioipita waliandika maisha yao kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alifanya maskani Tabora na kumwoa Karunde binti Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, aliandika habari zake kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kirumi, zikapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Katika habari hizo haanzi na vita wala utajiri, bali anaanza na kijana wa miaka 12 aliyefuatana na jamaa zake katika safari za karibu, akichuuza sandarusi. Nauhusudu mwanzo huo, kwa sababu mtu aliyekuja kuogopwa hata Kongo ameridhia tumwone angali mtoto mwenye biashara ndogo. Na mwaka 1901 Carl Velten alikwisha kutoa kitabu cha Safari za Wasuaheli, ambamo imo simulizi ya Sleman bin Mwenye Tshande kuhusu safari yake ya bara hata Tanganyika.

Walakini hao walikuwa wenye mali, au watu wa karibu na wenye mali. Mpagazi alichukua mzigo wa kadiri ya ratili 70, ndizo frasila mbili. Kama ni nguo ya merikani, ilikunjwa na kukazwa kwa kamba mpaka ikawa ngumu kama gogo, na kama ni pembe kubwa, alipewa mtu mwenye nguvu, naye akaifunga kengele nchani, ikawa yalia kila apigapo hatua. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Haya tunayajua kwa sababu wageni waliyaandika wakimtazama; alichowaza yeye usiku kambini, bega likimuuma na mkewe akiwa mbali, hakikuandikwa. Mtumwa aliyepitishwa njia iyo hiyo amefungwa shingo kwa mnyororo alikuwa na hali mbaya zaidi, na kimya chake ni kizito zaidi. Jacob Wainwright, mmoja wa watumishi waliouchukua mwili wa msafiri Livingstone hata Unyanyembe mwaka 1873, na kutoka hapo mpaka pwani, aliweka shajara, lakini kwa Kiingereza.

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, wasomaji wa kawaida walipata mahali pa kupeleka maandishi yao. Kisha Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali, akatoa Maisha Yangu mwaka 1949 na Kielezo cha Insha mwaka 1954, ikadhihirika kwamba maisha ya karani yatosha kuandikwa, maadamu mwenyewe anayatazama kwa makini na kuyasema kwa lugha safi.

Kwa hiyo namsihi kijana wa Mtendeni mwenye bibi au babu aliye hai asingoje kukusanya historia nzima ya Tabora. Na akae naye jioni moja, amwulize jambo moja tu: chakula cha nyumbani mwao mwaka wa njaa, au mahari iliyotolewa kwa ajili ya mama yake, au wimbo ambao mzee wake aliuimba akitwanga. Na aliandike katika ukurasa mmoja, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, aweke na tarehe, kisha amsomee alichoandika ili mwenyewe asahihishe.