Nyonga si kiuno

Mgonjwa hushika pembeni, chini kidogo ya mkanda, akasema: "Kiuno kinauma." Neno hilo moja linaweza kupeleka kipimo mgongoni, kumbe ubovu uko kwenye nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia katika kikombe chake. Tena maumivu ya nyonga mara nyingi husikika kwenye kinena, hata gotini.

Tulitunze neno nyonga, hasa katika nchi zetu zenye ugonjwa wa selimundu. Seli zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo, damu haifiki kwenye kichwa hicho cha mfupa wa paja, na mfupa hufa ungali ndani ya mwili hai. Sisemi kwamba nyonga na kunyonga ni ukoo mmoja, lakini ukimwambia mtu nyonga yake imenyongwa, anaelewa papo hapo.

Tatizo likigundulika mapema, kabla kichwa hicho hakijabonyea, yapo ya kufanya bila kisu: dawa za maumivu, mazoezi ya viungo, kuacha pombe, na magongo ya kupunguzia nyonga uzito. Ukitumia mkongojo mmoja, ushike kwa mkono wa upande usiouma. Wengi hukosea hapa, nami huumia nikiwaona. Hatua hizi hazifufui mfupa uliokwisha kufa, na wengine mwishowe hufanyiwa upasuaji.

Kukimbia na kuruka, basi. Lakini mtaalamu wa viungo anaweza kukuruhusu kunyonga baiskeli, ile isiyotembea, kwa kuwa uzito wako hubebwa na tandiko.