Laptop ya zamani inarudisha saa nyuma? Anza na betri ndogo ya ndani

Laptop ya miaka kumi na zaidi bado inapiga kazi kwenye steshenari ya Nyalikungu, wilayani Maswa: kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza maombi ya mkopo HESLB. Siku ikiwaka na kuonyesha Januari mosi ya mwaka wa zamani, tovuti zinagoma kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Mteja anadhani mtandao uko chini. Fundi mwenye haraka anapiga Windows upya, na hela inakwenda bure.

Mara nyingi tatizo ni betri ya saa, kidonge cha volti 3 kilicho kwenye madabodi. Kinachotumika sana ni CR2032, chenye upana wa milimita 20.

Laptop ikiwa kwenye umeme, au betri kubwa ikiwa na chaji, kidonge hakichoki sana. Betri kubwa ikishakufa, kila chaja inapochomolewa jioni au umeme wa TANESCO unapokatika, kidonge kinabeba saa peke yake.

Kupima hakuhitaji kufungua kitu. Weka saa sahihi, zima, chomoa chaja, toa betri kubwa, acha hadi asubuhi. Ukiwasha, ingia BIOS kwanza, maana Windows ikipata intaneti hujirekebishia saa na kuficha ugonjwa. Saa imesimama au imerudi miaka nyuma? Kidonge kimekwisha. Ikipishana saa 3 kamili, usikiguse: hapo ni mpangilio wa majira, kwani Tanzania iko saa 3 mbele ya saa za dunia.

Mwenye mita aiweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kidonge kipya husoma 3 au zaidi kidogo. Kikishuka chini ya 2.7, badilisha.

Kabla ya kukitoa, piga picha kurasa za BIOS kwa simu, hasa sehemu ya SATA. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, AHCI ikageuka IDE, Windows inaweza kukataa kuwaka na ukadhani diski imekufa.

Kwenye laptop nyingi kidonge kimefungwa kwa plastiki, kina nyaya mbili na plagi. Nunua chenye nyaya tayari, ulinganishe nyekundu na nyeusi. Usichome risasi juu ya kidonge kitupu. Joto linaweza kukipasua. Soma pia maandishi: ML, VL na LIR huchajiwa, CR haichajiwi. CR ikiwekwa mahali pa ML inaweza kuvuja au kupasuka.

Kidonge kilichotolewa kifungwe kwa selotepu, kiwekwe mbali na watoto. Mtoto akikimeza, koo la chakula linaweza kuungua ndani ya saa 2, hata kama kilishindwa kuendesha saa. Apelekwe hospitali hapo hapo, bila kusubiri akitoe chooni.